Kozi Mbili za Hiari

Mwanafunzi wa shahada ya Uhusiano wa Kimataifa katika chuo chetu hapa Kampala hana uhuru mkubwa wa kuchagua. Mwaka wa kwanza na wa pili kila kitu kimepangwa: nadharia, historia ya diplomasia, uchumi wa kisiasa, sheria ya kimataifa, mbinu za utafiti. Mwaka wa tatu ndipo tunapopewa nafasi mbili katika kila muhula, tuzijaze wenyewe kutoka orodha ya kozi tisa. Mwaka nilioingia mimi orodha ilikuwa hii: Kifaransa, Kichina, Kiswahili, Siasa za Maji na Mto Nile, Sheria ya Biashara ya Kikanda, Wakimbizi na Uhamiaji, Usalama na Ujasusi, Diplomasia ya Umma, na Takwimu kwa Sayansi za Jamii. Siku za kuchagua ni kumi. Zikipita, kubadilisha kozi ni kuzunguka ofisi hadi ofisi kutafuta sahihi, na muhula huwa umefika katikati kabla hujaipata ya mwisho.

Naandika juu ya jambo hili kwa sababu kila mwaka nawasikia wadogo zetu wa mwaka wa pili wakiulizana "Tuchukue nini?" na majibu wanayopewa ni mafupi mno. Jibu fupi kuliko yote ni hili: chukua kozi rahisi.

Nalielewa jibu hilo. Daraja la kwanza kwetu linataka wastani wa 4.40 kati ya 5, na kozi moja yenye mhadhiri mkali inaweza kumshusha mtu ghafla. Kwa hiyo ipo orodha ya pili, ambayo haikubandikwa popote, inayopita kwenye simu zetu: huyu hurudia maswali ya mwaka jana, yule hapendi kumfelisha mtu, fulani usimguse kabisa. (Wahadhiri wetu watanisamehe, naamini na wao walipokuwa wanafunzi walikuwa na orodha yao.) Siwacheki wanaoifuata. Mwenye ufadhili unaokatwa akishuka chini ya wastani fulani hawezi kuchagua kwa kufuata anachokipenda. Ila nimewatazama waliotutangulia. Wengi wamemaliza shahada wakiwa na alama nzuri, na ukiwauliza wanajua nini kuliko wenzao wanabaki kusema "uhusiano wa kimataifa". Morgenthau tumemsoma sote. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia tumeufanyia mtihani sote. Amani ya Westphalia ya 1648 hata mwanafunzi aliyelala mihadhara yote anaweza kuitaja. Tunatofautiana katika zile kozi chache tunazojichagulia, na ni ajabu kwamba tunazichagua kwa haraka kuliko tunavyochagua viatu.

Mhadhiri wangu mshauri, ambaye namheshimu sana, alinielekeza kwenye Kifaransa bila kusita. Hoja yake ilikuwa nzito na sikuwa na la kumjibu papo hapo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague hufanya kazi kwa lugha mbili, Kiingereza na Kifaransa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Burundi na Rwanda walikuwamo tangu 2007. Mkutano wa wakuu wa nchi wa Februari 2021 ulikubali Kifaransa kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiswahili. Akanikumbusha kesi tuliyoisoma mwaka wa pili, ya Kongo dhidi ya Uganda. Mwaka 2005 mahakama iliona kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa vitendo vya jeshi lake katika ardhi ya Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamua tulipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka. "Hoja za Kongo ziliandikwa kwa Kifaransa," aliniambia. "Wewe ni Mganda. Unataka kusoma maneno ya mwenzako aliyekushtaki au unataka kusimuliwa?"

Ni swali zuri, na mpaka leo linanisumbua.

Upande wa pili alikuwapo mjomba. Mjomba ndiye anayelipa sehemu kubwa ya karo yangu, kwa hiyo neno lake si la kupuuzwa. Yeye alitaka Kichina. Barabara ya kasi ya Entebbe imejengwa na Wachina, bwawa la Karuma limejengwa na Wachina, na kwa maoni yake mtu mwenye akili hujifunza lugha ya mwenye kandarasi. Nilipomwambia nafikiria Kiswahili alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, yaani nilipe karo ujifunze lugha ya vizuizini?"

Wasomaji wa Tanzania na Kenya huenda wasilielewe neno hilo, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwa watu wa rika la mjomba hapa Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya kizuizi cha barabarani. Wakoloni walikitumia jeshini na polisi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliokisema kwa sauti kubwa zaidi miaka ile walikuwa wamebeba bunduki. Mtoto aliyekuwa kwenye basi na mama yake, askari akaingia na kuamrisha watu washuke, alijifunza maneno machache ya lugha hiyo siku hiyo hiyo na hakutaka kujifunza mengine. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kianze kutumika hivyo na kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini karatasi ya serikali haifuti alichokisikia mtoto ndani ya basi. Sikubishana naye. Nilimsikiliza, na nadhani wanafunzi wa Kiswahili wa Uganda tungefanya vizuri kuwasikiliza wazee wa namna hii kabla hatujaanza kuwaimbia sifa za lugha ya umoja.

Mimi Kiswahili sikukikuta kwenye kizuizi. Nilikikuta kwenye sahani za wali na maharage.

Mama yangu ana mgahawa Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Kabale. Barabara ile ni sehemu ya njia inayoanza bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi, Malaba na Kampala hadi Kigali na kuendelea mbele. Wakati nikiwa mdogo malori yalipanga foleni tangu alfajiri, na madereva na utingo wao walikula kwetu wakisubiri makaratasi yao yapite forodhani. Walikuwa Wakenya, Watanzania, Warundi, Wakongo, Wasomali wa Kenya, na Waganda wa pande zote. Mama hakusoma zaidi ya shule ya msingi na Kiingereza chake ni cha kusalimia, lakini Kiswahili alikipata hapo hapo jikoni, na daftari la madeni aliliandika kwa Kiswahili kwa sababu wadaiwa walikuwa wa lugha hiyo. "Dereva wa tangi jekundu, chai mbili, chapati nne." Mimi na dada yangu tulijifunza kuhesabu kwa daftari hilo.

Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Katuna ulifungwa kwa malori. Sababu iliyotolewa kwanza ilikuwa ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani. Baada ya siku chache ikawa wazi kwamba serikali mbili zimekosana, kila moja ikiituhumu nyingine, na watu wa upande wa pili wakaambiwa wasivuke kuja kwetu. Malori yakaelekezwa Mirama Hills, mbali na sisi. Wiki ile ya kwanza mama aliendelea kupika kama kawaida kwa sababu kila mtu alisema mpaka utafunguliwa wiki ijayo. Wiki ya pili akapunguza sufuria. Kufikia katikati ya mwaka aliwaachisha kazi wasichana wawili waliomsaidia, nami nikarudishwa nyumbani kutoka shule ya sekondari kwa kukosa karo, muhula mzima. Hapo ndipo mjomba alipoingia kulipa.

Agosti mwaka huo marais wa nchi mbili walitia sahihi hati ya makubaliano kule Luanda, wasuluhishi wakiwa Angola na Kongo. Tarehe 21 Februari 2020 viongozi wote wanne walikutana mpakani kwetu. Mama husema siku hiyo aliona magari mengi kuliko alivyowahi kuona maishani mwake na hakuna hata moja lililosimama kula. Kisha ikaja korona. Mpaka ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu tangu ulipofungwa, na biashara ilirudi pole pole kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Nasimulia haya yote kwa sababu ya semina moja ya sheria ya kimataifa, mwaka wa pili. Tulipewa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo ilianza kutumika Julai 2010, tuisome ibara kwa ibara. Ibara ya 7 inasema raia wa nchi wanachama wana haki ya kwenda huku na huku ndani ya Jumuiya. Inaziruhusu pia nchi kuiwekea haki hiyo mipaka kwa sababu za usalama, afya au maslahi ya umma. Nilisoma nikiwa na Katuna kichwani. Halafu tukafika kwenye Mkataba wenyewe wa Jumuiya, ibara ya 30. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama, si serikali tu na si kampuni tu, anaweza kuipeleka nchi mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha akidai kwamba kitendo chake kinakiuka Mkataba. Sharti ni afanye hivyo ndani ya miezi 2 tangu kitendo kilipotokea au tangu alipokijua.

Miezi 2. Nilihesabu vidole. Mwisho wa Februari hadi mwisho wa Aprili 2019. Miezi ile mama alikuwa bado anapunguza sufuria.

Jioni ile nilimpigia simu. Nilimwuliza kama kuna mtu yeyote, wakili, diwani, mtu wa chama cha wafanyabiashara, aliyewahi kuwaambia wanawake wa Katuna kwamba kuna mahakama wanayoweza kwenda. Alicheka. "Mahakama ya Arusha? Kwa nauli ya nani?" Kisha akaacha kucheka akaniuliza: "Na tungeshinda?"

Sikuweza kumjibu. Sijui mwanasheria gani angeweza. Usalama wa taifa ni hoja pana na mahakama huiendea kwa tahadhari, na hata uamuzi mzuri unangojea serikali iutekeleze. Lakini niliona jambo ambalo vitabu vyetu vya nadharia havikuwa vimenionyesha. Tulikuwa tumefundishwa kwamba nchi ndiyo mchezaji na mtu wa kawaida ni nyasi chini ya tembo wawili. Hapa palikuwa na mlango uliofunguliwa makusudi kwa ajili ya huyo mtu wa kawaida. Ulikuwa wazi kwa miezi miwili, ukafungwa, na mwenye haki ya kuupita hakuwa na habari kwamba upo.

Basi nafasi ya kwanza niliijaza Sheria ya Biashara ya Kikanda. Haikuwa kozi rahisi. Kwenye orodha ile ya simu ilikuwa na alama ya hatari. Tulisoma umoja wa forodha ulioanza Januari 2005, kanuni za uasili wa bidhaa, na vikwazo visivyo vya kiforodha. Ni somo kavu mpaka ukutane na kitu unachokijua. Kwa mfano, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, uliotoka ndani ya Jumuiya, anaweza kupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha. Wanawake wangapi wa Katuna, wa Busia na wa Mutukula hupita njia za panya usiku, mzigo kichwani, wakikwepa ushuru ambao hawadaiwi? Takwimu sina, ila nimewaona kwa macho yangu wakipita nyuma ya nyumba yetu.

Nafasi ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu ya Siasa za Maji. Kama ningekuwa na nafasi ya tatu ningeichukua bila kufikiri. Nile inatoka kwetu Jinja, na bado makubaliano ya 1959 kati ya Misri na Sudan yaligawana maji hayo, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, bila sisi wa juu kuwamo chumbani. Mkataba wa ushirikiano uliofunguliwa Entebbe Mei 2010 ulichukua zaidi ya miaka 14 kuanza kutumika, Oktoba 2024. Ni kozi ambayo mwanafunzi wa Uganda angeweza kuifanya yake. Anayesoma haya na kupenda historia, aichukue, asiniige mimi.

Nilichagua Kiswahili. Hoja ya mhadhiri wangu kuhusu Kifaransa nimeipima mara nyingi, na naona ni sahihi kwa mtu anayetaka kufika The Hague. Nami nilitaka kufika Katuna. Sheria niliyokuwa nikiisoma iliandikwa kwa Kiingereza kizito, ikajadiliwa kwa Kiingereza, na inawahusu madereva, utingo, wabadilisha fedha na akina mama ambao wakikutana hawana lugha nyingine ya pamoja isipokuwa ile ya daftari la madeni. Mtu wa kusimama katikati hakuwapo. Kuna rafiki yangu darasani, mzaliwa wa Goma, ambaye Kifaransa na Kiswahili anavyo vyote tangu utotoni. Aliponisikia nikijipima hivi alicheka akasema sisi Waganda tunateseka bure. Ana haki ya kucheka.

Darasani tulikuwa kumi na mmoja. Kiswahili changu kilikuwa cha foleni ya malori, na mwalimu alitumia wiki kadhaa kukinyoosha: watu ni wengi, si "mingi", na kitabu hakiwezi kuwa "yangu". Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kueleza kanuni moja ya Jumuiya kwa ukurasa mmoja ambao mtu asiyesoma sheria angeuelewa. Niliandika juu ya vikwazo visivyo vya kiforodha. Sentensi ya kwanza niliiandika mara tisa. Kumbe ukishatoa maneno ya Kiingereza ambayo hujificha nyuma yake, unagundua mahali ambapo ulikuwa hujaelewa mwenyewe.

Likizo nilimpelekea mama karatasi ile, akasoma akaibandika ukutani juu ya meza ya madereva. Dereva mmoja wa Mombasa aliisoma akila, akasema neno "uasili" halijui, ila mengine yote yamekaa sawa. Mjomba alikuwapo pia, amekuja kumwona mama. Alivaa miwani akasimama kuisoma, kwa taabu, midomo ikitembea. Nilikuwa nimeandika kwamba kikwazo kisicho cha kiforodha ni kama mizani nyingi mno njiani, makaratasi yanayodaiwa mara mbili, na vizuizi vya barabarani visivyo na sababu.

"Vizuizi vimo?" akauliza.

"Vimo, mjomba. Mwaka 2017 Jumuiya ilitunga sheria ya kuviondoa."

"Na vimeondoka?"

Dereva wa Mombasa alimjibu kabla yangu, akamhesabia alivyovikuta tangu Malaba. Waliongea muda mrefu, mjomba akitumia Kiswahili ambacho sikuwahi kumsikia akikisema, kibovu lakini kinachoeleweka. Kuhusu karo ya kozi hiyo hakusema kitu, na mimi sikumwuliza.

Sasa nimeanza kuandika pendekezo la utafiti wangu wa mwisho, juu ya muda ambao malori hukaa Katuna na sababu zake. Msimamizi wangu amelirudisha mara moja akitaka kujua nitachambuaje takwimu za madereva mia moja. Kwa hiyo kila Jumatatu saa moja asubuhi nakaa kiti cha nyuma katika darasa la Takwimu, kozi ambayo karibu hakuna anayeichagua, bila kusajiliwa na bila alama. Mhadhiri ameniona na hajanifukuza.